Jenereta Katika Nyumba za Unguja: Uchambuzi wa Miezi Mitatu ya Giza

Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika katika kisiwa cha Unguja, na haukurejea ila tarehe 9 Machi 2010. Kisiwa kizima kilikuwa kikitegemea kebo moja tu, iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba. Nayo, baada ya kukitia kisiwa gizani kwa muda wa takriban wiki nne mnamo Mei na Juni 2008, ilishindwa tena kwa mara ya pili. Pampu za visima zilisimama, mifereji ikakauka, na kila ilipoingia Magharibi sauti iliyotawala vichochoroni ilikuwa ni ya jenereta ndogo za petroli, zikinguruma mlango kwa mlango.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya dhiki ya miezi ile, wala sikusudii kuyarudia. Ninalotaka kulichunguza ni jambo moja mahususi: jinsi watu wa nyumbani, ambao aghalabu hawakupata kumiliki mtambo wa umeme maishani mwao, walivyouweka, walivyouunga na walivyoutwisha mzigo. Rai yangu ni kwamba waliofaulu hawakufaulu kwa ukubwa wa mashine zao, bali kwa kulianza jambo mahali pake. Wengi walianzia dukani, wakauliza bei na wati. Ilhali swali la kwanza huulizwa nyumbani kabla fedha haijatoka mfukoni, nalo ni hili: moshi utapitia wapi? Jawabu la swali hilo ndilo linaloamua mashine itakaa wapi, na mahali pa mashine ndipo panapoamua urefu wa waya, na waya pamoja na namna ya kuunga ndivyo vinavyoamua mzigo. Mwenye kuupindua mpango huu alijikuta na mashine nzuri asiyokuwa na pa kuiweka.

Katika Ng'ambo na mashamba taabu hii ilikuwa nyepesi, maana nyumba nyingi huko zina uwanja nyuma au kandoni, na moshi hupata njia. Mji Mkongwe ndiko kadhia ilikokuwa nzito. Nyumba za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, madirisha ya barabarani yakitazamana na ya jirani kwa upana wa kichochoro tu, na katikati ya nyumba kuna ua wa ndani ambao vyumba vyote huufungukia ili vipate mwangaza na upepo. Ua huo ndio uliowavutia wengi: uko wazi juu, mwizi haufikii, mvua si nyingi katika miezi hiyo, na mwenye nyumba huiona mashine yake akiwa amekaa. Lakini ustadi uleule wa mafundi wa kale, waliouumba ua uwe njia ya kupeleka hewa vyumbani, ndio unaoufanya kuwa pahala pabaya kuliko pote pa kuwekea injini. Kinachotoka katika bomba la moshi hakipandi moja kwa moja kikaenda zake mbinguni. Huzunguka baina ya kuta nne, hupoa, hutuama usiku upepo ukiwa shwari, kisha huingia vyumbani kwa milango ileile iliyowekwa kwa ajili ya raha ya wakaao ndani.

Na hatari yenyewe si ule moshi unaoonekana. Katika moshi wa petroli mna hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na uzito wake unakaribiana mno na uzito wa hewa tunayovuta, hata haielei ikaondoka wala haizami ikajikusanya chini, bali huchanganyika kila mahali. Himoglobini ya damu huipokea kwa mvuto uliozidi mara 200 mvuto wake kwa oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo chumbani, kikivutwa kwa saa kadhaa, hutosha kuinyima damu kazi yake. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo, mambo ambayo katika pwani yetu mtu huyadhania kuwa ni homa ya malaria inanyemelea, akameza dawa akajilaza papo hapo penye sumu. Alama za kutofautisha zipo, na kila mwenye jenereta yampasa azihifadhi: mwili hauchemki, wakaao nyumba moja huugua pamoja, na mgonjwa hupata nafuu akitolewa nje penye upepo. Aliyelala huenda asipate dalili hata moja. Ndiyo sababu siukubali hata kidogo udhuru wa kwamba "dirisha lilikuwa wazi", maana dirisha lililo wazi karibu na mashine ni mlango wa sumu, si wa usalama.

Mahali panapofaa, basi, ni nje kabisa, mita sita au zaidi kutoka ukuta wa nyumba, bomba la moshi likielekezwa kusiko na madirisha, yawe yako au ya jirani yako. Hapa watu wa pwani wana elimu ambayo mwandishi wa kijitabu cha mashine hakuwa nayo, nayo ni elimu ya pepo. Giza la 2009 na 2010 liliangukia msimu wa kaskazi, ambapo upepo huvuma kutoka kaskazini mashariki. Aliyeiweka mashine yake upande wa kusini magharibi wa nyumba aliuacha upepo uuchukue moshi na kwenda nao mbali. Giza la 2008 lilikuwa la wakati wa kusi, na mahali palepale pangekuwa pabaya, kwa kuwa kusi ingeurudisha moshi wote ndani. Mahali pa jenereta, kama palivyo pahala pa kutia nanga, hubadilika na msimu. Walakini katika vichochoro vya Mji Mkongwe upepo hupindwa na kuta, na huko hapana budi kujaribu: kuiwasha mchana, kusimama penye kila dirisha, na kutazama moshi unakwenda wapi.

Wako walioipandisha mashine juu ya dari, kwenye sakafu iliyo wazi, nami nadhani katika Mji Mkongwe hilo lilikuwa jawabu bora kwa upande wa hewa, ingawa lina gharama yake: petroli hupandishwa ngazi za giza kila jioni, na mtikisiko wa injini hushuka katika boriti za kale. Wengine waliliunga bomba la moshi kwa mpira au kipande cha chuma chembamba ili moshi utoke nje na mashine ibaki ndani. Shauri hilo ni baya. Injini hulemewa na moshi wake wenyewe, na kila kiungo kisichokaza huvujisha sumu ndani ya nyumba.

Kilichowazuia wengi kuiweka mashine mbali kilikuwa ni kuuogopa waya mrefu. Walidhani umeme utapotea njiani. Na tuifanye hesabu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 2.5, urefu wake mita 20, ukipitisha ampea 8, hupoteza volti 3 hivi katika 230, jambo ambalo friji haitalihisi. Waya mwembamba wa milimita mraba 1 kwa urefu na mzigo huohuo hupoteza volti 7, na ubaya wake mkubwa si upotevu bali ni joto, khasa ukiachwa umezongwa katika gurudumu lake badala ya kutandazwa wote. Kumbe umbali haukuwa kikwazo abadani. Kikwazo kilikuwa ni bei ya waya mnene, na hiyo ilipasa ihesabiwe ndani ya bei ya mashine tangu siku ya kununua.

Baada ya mahali huja namna ya kuunga, na hapa palifanyika kosa linalonihuzunisha kuliko yote, maana madhara yake humfikia mtu asiyehusika. Njia salama iliyo nyepesi ni kutoa waya wa ekstensheni kutoka kwenye mashine na kuchomeka humo vyombo vyenyewe, bila kugusa nyaya za nyumba. Njia ya pili, iliyo bora, ni kumwita fundi aweke swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi wetu huiita chenji ova, yenye kuipa nyumba umeme wa shirika la umeme au umeme wa jenereta, wala haiwezi kuvipokea vyote viwili kwa pamoja. Njia ya tatu, ambayo haikupasa kuitwa njia, ni kutengeneza waya wenye plagi ncha zote mbili, ncha moja ikaingia katika mashine na ya pili katika soketi ya ukutani, nyumba yote ikawaka. Aliyefanya hivyo aliishika mkononi plagi yenye meno yaliyo hai, na zaidi ya hayo, kama hakukumbuka kuizima swichi kuu, aliusukuma umeme wake nje kupitia mita hadi kwenye nguzo. Transfoma ya mtaani, iliyowekwa ili ishushe volti 11,000 ziwe 400, haijui upande. Ikilishwa kutoka chini hupandisha, na waya ambao fundi wa shirika anauamini kuwa umekufa huweza kuwa na volti za kumuua. Nilisikia hoja ya kwamba kisiwa kizima hakina umeme, basi hatari itoke wapi? Hatari ilitoka papo hapo, kwa sababu siku zile ndizo mafundi walizopanda nguzo kwa wingi.

Sasa mzigo, ambao wengi waliuanza na mimi nimeuweka mwisho. Natuchukue nyumba ya kadiri: taa sita za wati 15, feni mbili za wati 70, televisheni ya wati 100, jumla yake ni wati 330, na hata mashine ile ndogo kabisa ya mipigo miwili, inayochanganyiwa oili katika petroli na kubebwa kwa mkono mmoja, huuchukua mzigo huo bila taabu. Ongeza friji ya wati 150 na hesabu inaonyesha 480, nambari isiyotisha. Ila mota ya friji wakati wa kuanza huvuta mara tano au zaidi ya kawaida yake, na kwa nukta hiyo moja mashine hudaiwa wati zaidi ya 1,000. Isipoweza, injini hupungua mwendo. Mashine nyingi za namna hii hazina budi kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe mizunguko 50 kwa sekunde. Mwendo ukishuka, volti nazo hushuka, mota ya friji hushindwa kuzunguka, ikakaa inavuta umeme na kupata moto hadi inaungua. Friji nyingi ziliharibika namna hii, na wenyewe wakadhani umeme wa jenereta ni "mchafu" kwa tabia yake, hali umeme ulikuwa mchache tu.

Dawa yake haikuwa lazima kununua mashine kubwa. Mashine ya kilowati 2 iliitosha nyumba hiyo kwa sharti la kupanga zamu: mashine huwashwa ikiwa tupu, huachwa itulie, kisha friji huingizwa peke yake, na vyombo vyepesi hufuata. Friji isiyofunguliwafunguliwa huhifadhi ubaridi kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa hufika hata siku mbili, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuviendesha mchana kutwa. Pampu ya nusu nguvu ya farasi, ya kupandishia maji kwenye tangi, ilipewa saa yake pasipo friji. Waliopanga hivyo walikata matumizi ya petroli, maana injini hunywa hata isipobeba kitu. Ile ya kilowati 2, kwa mzigo wa nusu kilowati, hutumia zaidi ya nusu lita kwa saa, na kuanzia Magharibi hadi saa tano za usiku huenda lita tatu. Petroli hiyo ilihifadhiwa katika madumu ya plastiki, mara nyingi chini ya ngazi, karibu na jiko la mkaa, nayo hutoa mvuke unaoshika moto katika joto lolote tulilonalo pwani. Na waliokosa subira waliimimina katika tangi la mashine ingali ya moto. Dakika kumi na tano za giza zilikuwa nafuu kuliko hilo.

Umeme uliporejea Machi 2010, swichi ya kubadilishia ilidhihirisha thamani yake kwa mara nyingine. Waliokuwa nayo waliizima mashine, wakageuza swichi, basi. Yule wa plagi ya ncha mbili, aliyekuwa hakuizima swichi kuu na mashine ikinguruma, alikutanisha mikondo miwili isiyokwenda pamoja, na katika mpambano huo jenereta ndogo ndiyo inayoungua, pengine na moto juu yake. Kebo mpya, yenye uwezo wa megawati 100 mahali pa 45 za ile ya zamani, ilianza kazi mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani, na mashine nyingi zikaingia stoo. Nyingi ziliingia na petroli ndani, ikaganda utomvu katika kabureta, na zilipohitajiwa tena hazikuwaka. Ilitakiwa kufunga koki ya petroli huku injini inazunguka na kuiacha ijizimie yenyewe, kumwaga iliyobaki tangini, kubadilisha oili, kupangusa chumvi ya hewa ya bahari, na kila mwezi kuitia petroli kidogo na kuiendesha kwa robo saa ikiwa na mzigo, nje, upande ule unakokwenda upepo wa msimu huo.