Nani Anachukua, Nani Anapewa? Uhakiki wa Kiswahili cha Sera za Faragha

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji amjulishe mwenye taarifa lengo la ukusanyaji na wapokeaji waliokusudiwa. Kujulisha ni tendo la lugha. Makala haya yanahakiki jinsi kurasa za sera ya faragha katika tovuti za Kiswahili zinavyolitekeleza, na yanadai kwamba kasoro kuu imo katika sintaksia kuliko katika istilahi.

Tuchukue sentensi hii, tuliyoitunga kwa kufuata muundo uliozoeleka: “Taarifa zako zinaweza kukusanywa na kushirikishwa kwa wahusika wa tatu kwa lengo la kuboresha huduma.” Kauli ya kutendwa imetumika mara mbili bila kirai cha mtenda. Kitenzi *shirikisha*, ambacho kwa kawaida huchukua yambwa mtu (mtu hushirikishwa katika jambo), kimepewa kitu. “Wahusika wa tatu” ni tafsiri sisisi. Msomaji atauliza wa kwanza na wa pili ni akina nani.

Kiswahili hakikosi uzoefu wa mapatano baina ya watu wasiojuana. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara: njia kutoka Bagamoyo iligawanyika hapo, tawi moja likielekea Ujiji na jingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Msamiati wake, yaani *mpagazi*, *frasila*, *posho* na *hongo*, ulitaja mbebaji, kipimo, masurufu na ushuru wa mtawala ambaye nchi yake ilipitiwa. Leo *hongo* ni rushwa, malipo ambayo mpokeaji wake hufichwa. Hatuisifu njia hiyo. Watumwa walipitishwa humo, wala hawakuulizwa ridhaa. Ndiyo maana inafaa kukumbukwa tunapolitumia neno *ridhaa*: halina maana kwa asiyejua wala kwa asiyeweza kukataa.

Tumfikirie mfugaji nyuki wa Sikonge anayetafuta soko mtandaoni. Ukurasa ungeweza kumwambia: “Tunachukua namba yako ya simu na jina la kijiji chako. Tunampa mnunuzi wa asali namba hiyo ili akupigie. Hatumpi mtu mwingine. Ukikataa, bado utaona bei.” Hapa kiambishi *tu-* kinamtaja mtenda, na *-m-* kinamtaja mpokeaji ndani ya kitenzi chenyewe. Zaidi ya hayo, *-pa* hudai mpokeaji: hatuwezi kusema “tunapa namba” tukaishia hapo. *Shirikishwa* huruhusu ukimya ambao *-pa* huukataza.

Wanasheria wanaweza kupinga kwamba sentensi fupi hazibebi masharti yote. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linahusu mpangilio: masharti ya kina yanaweza kufuata chini ya maelezo hayo. Haliruhusu kumficha mtenda, kwa kuwa ufiche huo humlinda mwandishi dhidi ya msomaji wake.

Tunapendekeza kigezo kimoja cha uhakiki: kila kitenzi cha kuchukua taarifa kiwe na mtenda wake, na kila kitenzi cha kuitoa kiwe pia na mpokeaji. Mwandishi akishindwa kuijaza nafasi hiyo, asikilaumu Kiswahili. Ama hajui taarifa zinakokwenda, ama hataki kusema.