Saa Nane na Nusu: Arudhi ya Usiku wa Dansi Ireland

Anayetaka kuuhakiki muziki wa dansi wa Dublin, Cork na Belfast aitazame kwanza saa ya ukutani, kisha ndipo aguse santuri. Katika Jamhuri ya Ireland, klabu hufungwa saa 8 na nusu usiku. Hata kufika hapo ni kwa ruhusa: mwenye ukumbi huomba mahakamani kibali maalumu kwa kila usiku anaotaka kuvuka saa za kawaida za baa. Kwa miaka mingi kibali cha usiku mmoja kiligharimu euro 410. Mwaka 2022 bei ikashushwa hadi 205, kisha 110. Ipo pia leseni ya kucheza dansi yenyewe, inayotokana na Sheria ya Kumbi za Dansi za Umma ya 1935, iliyotungwa enzi ambazo maaskofu wa Kikatoliki waliikemea dansi kuwa mlango wa uasherati. Wengi huzitaja sheria hizi kama kero ya wafanyabiashara. Mimi nazisoma kama arudhi. Mtunzi wa shairi hupewa idadi ya mizani, akalazimika kuipanga maana yake humo humo. DJ wa Ireland amepewa usiku mfupi, na umbo la kazi yake limefinyangwa na ufupi huo.

Tuupime usiku wenyewe. Katika klabu ya Berghain mjini Berlin, sherehe ya wikiendi huanza Jumamosi usiku na kuendelea mpaka Jumatatu. DJ mmoja huweza kushika mitambo kwa saa nne au zaidi: akaingia taratibu, akapandisha, akashusha, akapandisha tena. Dublin hali ni nyingine. Wikiendi baa hufunga saa 6 na nusu usiku, na watu wengi hawatoki baa kabla ya hapo. Kwa hiyo DJ wa kwanza hupigia ukumbi mtupu, sakafu hujaa kwa mkupuo, na saa mbili baadaye taa zinawashwa. Utangulizi upo lakini hauna wasikilizaji, kilele kimevimba kikameza sehemu ya kati, na hitimisho amekabidhiwa mlinzi wa mlangoni.

Sikiliza jinsi Sunil Sharpe, DJ wa tekno wa Dublin, anavyochanganya santuri. Haachi wimbo ujimalize. Huchukua kiini chake, yaani ule mdundo au ule mkwaruzo wa sauti anaoutaka, akaupachika juu ya mwingine, akaukata, akaingiza wa tatu kabla sikio halijauzoea wa pili. Mikono haitulii kwenye miksa. Katika tekno ya kawaida, kurudiarudia ndiko kunakoleta ulevi: mdundo mmoja hujirudia hadi mwili uusahau. Sharpe amegeuza kanuni hiyo. Ulevi wake unatoka katika mfululizo wa kukatizwa. Ni mtindo wa mtu anayejua kwamba muda haumtoshi. Huyo huyo ndiye aliyejulikana nchini kwa kuongoza Give Us The Night, kampeni inayodai saa za klabu ziongezwe. Ninavyomsikia mimi, alichokuwa akikidai mbele ya wanasiasa kilikuwa tayari kimeandikwa katika kasi ya vidole vyake.

Umbo hilo lina kibwagizo chake pia, na hakiimbwi na DJ. Santuri ya mwisho inapokaribia kwisha, umati hupaza sauti kudai wimbo mmoja zaidi. Mgeni anaweza kuona hapo furaha ya walevi. Ukweli ni kwamba umati unakataa kituo. Unajua kazi imekatwa haijakamilika, nao unadai ubeti uliobaki. DJ stadi huuwekea akiba ukelele huo: huficha wimbo anaoupenda kuliko zote, kisha huutoa pale tu anapolazimishwa. Baada ya hapo usiku huhamia sebuleni kwa mtu, na muziki wa taratibu, ambao kwingineko ungefunga sherehe ukumbini, hupigwa kwa spika ndogo kando ya birika la chai.

Je, arudhi hii ina njia moja tu ya kutungiwa? Cork inatujibu kwamba hapana. Pale Sir Henry's, ukumbi wa Mtaa wa South Main, Greg Dowling na Shane Johnson walishika usiku wa hausi ulioitwa Sweat tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa zaidi ya muongo mmoja. Saa zao zilikuwa chache kama za wengine. Walichokifanya ni kuutandaza mtungo wao juu ya Jumamosi nyingi. Wimbo ulioonjeshwa wiki hii ulirudi wiki ijayo ukiwa umezoeleka, na mwezi uliofuata ukawa wa umma mzima. Utangulizi, ukuzaji na kilele, ambavyo Berlin huvipata ndani ya usiku mmoja, Cork ilivipata ndani ya msimu. Subira hiyo inasikika katika wimbo wao wenyewe, The Cure and the Cause, walioutoa kwa jina la Fish Go Deep pamoja na mwimbaji Tracey K. Sauti yake haipandi kuutafuta mshangilio. Inakaa katikati ya kinanda na besi kama mtu asiye na haraka ya kwenda nyumbani. DJ wa New York, Dennis Ferrer, alipoutengeneza upya, aliupunguza nyama na kuipa besi ya sintesaiza nafasi ya mbele. Toleo lake ndilo lililotamba klabuni, ila utulivu wa mwimbaji ndio ulioupa ukali huo kitu cha kugombana nacho.

Belfast iko chini ya dola nyingine na sheria nyingine, lakini nako saa ni za kubana. McBriar na Ferguson, wawili wanaojiita Bicep, walipevuka kimuziki katika usiku wa Shine, uliofanyika katika jengo la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Queen's. Wimbo wao Glue, wa mwaka 2017, una mdundo uliovunjwavunjwa badala ya pigo sawasawa la hausi, sauti ya binadamu isiyotamka neno, na akordi za huzuni zinazozunguka bila kutua. Video iliyoongozwa na Joe Wilson inaonyesha mahali palipofanyiwa sherehe zamani, mchana, hapana mtu, huku maneno ya waliokuwepo yakipita juu ya picha. Wengine wameusikia kama ombolezo la ujana. Kwangu unafanya kazi ya kimuundo: unatunga ile saa ya mwisho ambayo ukumbi hauruhusiwi kuwa nayo, na kuipakia ndani ya dakika zisizofika tano.

Tusije tukaigeuza dhiki kuwa baraka. Ni kweli ufupi umezaa ustadi: mikono ya Sharpe, akiba ya wimbo wa mwisho, subira ya Cork. Lakini shairi lenye bahari moja huchosha, na usiku usio na sehemu ya kati hauwalei ma-DJ wa kupasha ukumbi moto, kazi ambayo chipukizi hujifunzia sanaa yote. Hata njia ya Cork inahitaji ukumbi wa kudumu. Sir Henry's ulifungwa mwaka 2003, jengo likavunjwa. Dublin, klabu ya District 8 ilifunga milango Januari 2019 ili kupisha ujenzi wa hoteli. Mtungo wa msimu mzima hauwezekani pale ambapo mtunzi hajui kama ukumbi utakuwepo msimu ujao.

Kwa hiyo kushusha bei ya kibali ni nafuu kwa mfuko wa mwenye klabu. Umbo la usiku halijaguswa. Rasimu ya sheria iliyotolewa Oktoba 2022 ilipendekeza klabu ziruhusiwe kukesha hadi saa 12 asubuhi. Wananchi wa Ireland walipopiga kura katika uchaguzi mkuu wa Novemba 2024, rasimu hiyo ilikuwa bado haijawa sheria.