Kabla ya Kutia Moto

Monita ya zamani ikifika mezani kwa fundi pale Wawi, kisiwani Pemba, mara nyingi huja bila maelezo yoyote. Kitabu chake kilipotea zamani, kibandiko cha mgongoni kimechubuka hata namba hazisomeki, na plagi imekatwa na mtu aliyeihitaji kwa shughuli nyingine. Uliobaki ni mkia wa waya, kava jeusi lenye nyuzi kumi na kitu ndani yake. Fundi analichuna kava, anazitandaza nyuzi juu ya kipande cha mbao, na hawashi kitu. Kazi inayoanzia hapo, ya kujua kila uzi unatoka wapi na unabeba nini ilhali hakuna aliyeandika, ndiyo ninayotaka kuisifu.

Ni kazi ya kutoamini macho. Rangi ya waya si ushahidi, maana kiwanda hutumia waya kilionao stoo siku hiyo. Umbo la plagi nalo si ushahidi. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani iliiuza na kadi mbili za picha, moja ya maandishi ya rangi moja na nyingine ya rangi nyingi, na zote zikawa na tundu lilelile la pini tisa. Ndani mambo yalikuwa mbali kabisa. Kadi ya rangi ilichora mistari 15,700 hivi kwa sekunde, ile nyingine kama 18,400, na monita ya rangi moja ikichomekwa kwenye kadi isiyo yake ingeweza kuungua. Baadaye Sun, Silicon Graphics na IBM wakatumia plagi moja ya pini kumi ndogo na tatu nene, na kila mmoja akaipanga atakavyo. Mwenye haraka huona plagi imeingia akadhani kazi imekwisha.

Fundi anaanza na athi. Ncha moja ya mita anaigusisha kwenye bati la ndani la monita, nyingine anaipitisha uzi mmoja mmoja. Mita ikilia, uzi huo anaukunja pembeni. Huwa nyingi kuliko mtu anavyotarajia. Kwenye plagi ya pini 15 ambayo dunia imeizoea tangu 1987, pini tano ni athi, kwa sababu kila rangi imepewa njia yake ya kurudia. Kisha anageuza mita ipime ohmu, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Uzi mmoja unasoma 75. Mwingine tena 75. Wa tatu 75. Hizo ndizo rangi, nyekundu, kijani na buluu, na bado hakuna tone la umeme lililopita. Aliyebuni monita alijua kwamba ishara ikifika mwisho wa waya bila kupokewa sawasawa hurudi nyuma, ikaweka kivuli kando ya kila herufi, basi akaweka rezista ya ohmu 75 mwishoni mwa kila rangi. Mtu huyo hatujui jina lake wala nchi yake. Hesabu yake imo humo ndani, tena inasomeka kwa mita ya bei ndogo kabisa.

Zinabaki nyuzi chache, na mbili kati yake ni za kuongoza picha: moja inaamrisha mstari mpya uanze, nyingine inaamrisha ukurasa mzima uanze upya juu. Hizi huulizwa upande wa kompyuta, maana ndiyo inayozitoa. Mwenye mita ya kupima masafa anasoma tu: moja itaonyesha 60 au 70 kwa sekunde, nyingine 31,500 hivi. Asiye nayo anachukua spika ndogo, anaiunganisha kupitia rezista, anainamisha sikio. Uzi wa ukurasa unanguruma. Uzi wa mstari haungurumi ng'o, kwa kuwa hakuna sikio la binadamu linalofika huko juu, ingawa mita inaonyesha kwamba una uhai. Kwenye televisheni za zamani mambo yalikuwa ya kupendeza zaidi, kwani mstari ulikwenda mara 15,625, na sauti hiyo mtoto anaisikia ilhali mtu mzima mara nyingi haisikii tena. Ndiyo maana mwanagenzi mdogo aliweza kusema, “Fundi, imewaka hiyo,” kabla picha haijatokea.

Umeme unatiwa mwisho, kwa swali moja lililobaki: katika zile rangi tatu, ipi ni ipi? Na hata hapo pana mtego. Ukiweka picha nyeupe, itatoka nyeupe vyovyote utakavyozipanga nyuzi. Lazima uweke nyekundu tupu, uone kinachotoka.

Utaratibu huu haukuanzia kwenye kompyuta. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, ya mwanzo kusini mwa Sahara, miaka zaidi ya ishirini kabla Tanzania Bara haijapata kituo chake cha kwanza mwaka 1994. Kwa hiyo kioo cha rangi kilikuwa na mafundi wake visiwani wakati sehemu nyingi za jirani hazijakiona, na elimu yake ilipita mkononi, kwa kukaa kando ya meza na kutazama. Jambo la kwanza katika elimu hiyo lilikuwa usalama. Bomba la picha la rangi hufanya kazi kwa volti 25,000 hivi, na huweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi mwenye adabu huimwaga chaji hiyo kwenye bati kwanza, na akipima chombo chenye moto huweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Ukiona mkono ule umekaa nyuma bila mwenyewe kuufikiria, ujue alifunzwa na mtu.

Na Wawi ni mahali pa mitambo. Pana kiwanda cha mafuta ya makonyo, na pana Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoanza mwaka 2000. Penye mitambo, kioo hufa kabla ya mashine. Kipimo au mtambo wa miaka ishirini bado unafanya kazi yake vizuri, programu yake haihamishiki kwenye kompyuta mpya, na kinachokosekana ni dirisha la kuonea. Kampuni iliyouunda huenda ilishafungwa. Kusubiri kipuri kivuke bahari mara mbili, kwanza hadi Unguja kisha Pemba, ni kusubiri kitu ambacho hakitengenezwi tena. Wapo wanaosema kitupwe kinunuliwe kipya. Kitupwe wapi? Kioo cha bomba la rangi kina risasi kwa kilo, na kisiwa hakina mahali pa kuificha ila kwenye udongo uleule unaootesha mikarafuu.

Ninachokihofia ni kupotea kwa michoro. Fundi akishapata jibu, hulichora nyuma ya risiti au kwenye daftari la skuli la mtoto wake: duara la plagi, namba za pini, na mbele ya kila namba neno moja. Wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, huandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kava la monita yenyewe, ili fundi wa baadaye akifungua alikute. Lakini daftari huliwa na mchwa, na mwenye daftari naye hufa. Michoro hii ingekusanywa sasa, ikapigwa picha, ikawekwa mahali pamoja kwa aina ya chombo na umbo la plagi. Kituo cha Mafunzo ya Amali kipo Vitongoji, jirani kabisa na Wawi. Vijana wa umeme pale wapewe monita iliyokatwa plagi, mita, karatasi tupu na kalamu, na wasitie moto mpaka kila uzi uwe umeandikwa, pamoja na kipimo kilichowafanya waamini. Karatasi hizo wasizitupe baada ya kusahihishwa, zifungwe jalada moja na zile za mafundi wazee, na jalada likae wazi kwa yeyote atakayekuja na mkia wa waya mkononi.