"Shoga": Neno Moja, Watu Wengi

Mwaka 2013 Diriye Osman, Msomali aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Nairobi kabla ya kuhamia London, alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Fairytales for Lost Children. Mkusanyiko umeandikwa kwa Kiingereza, lakini hadithi mojawapo ina anwani ya Kiswahili: "Shoga". Makala haya yanakusudia kuichunguza anwani hiyo, kwani inaibua tatizo la lugha linalomhusu msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera kuliko yule wa London.

Mhusika mkuu ni kijana Msomali wa Nairobi anayeishi na bibi yake. Bibi humsuka nywele huku akimkaripia kuwa mambo hayo si ya mvulana. Baadaye kijana anapendana na mtumishi wa kiume wa nyumbani. Hapa msanii ameweka pamoja mambo mawili yasiyo sawa: jinsi mtu anavyoonekana, na mtu ampendaye. Kupenda kusukwa hakumfanyi kijana ajione mwanamke. Lakini neno la anwani halijali tofauti hiyo. Linameza yote mawili.

Kosa si la msanii peke yake. Kwa asili shoga ni jina waitanalo wanawake marafiki. Baadaye likahamishiwa mwanamume mwenye mwenendo wa kike, kisha mwanamume yeyote apendaye wanaume, hata akiwa na ndevu. Hanithi, ambalo ni ndugu wa khaniis la Kisomali, limetokana na mzizi wa Kiarabu uliozaa pia huntha, yaani mtu mwenye maumbile ya kike na ya kiume, ambaye wanazuoni wa fikihi wamemjadili tangu kale katika sala na mirathi. Kisomali humwita labeeb. Basi Msomali wa Garissa ana msamiati wa kupambanua. Shoga likitumika kwa wote, upambanuzi hufutika.

Sheria ya Kenya imelazimika kupambanua. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Audrey Mbugua, aliyezaliwa akihesabiwa mwanamume na anayeishi kama mwanamke, apewe cheti cha mtihani chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Mwaka 2019 mahakama hiyo ilikataa kubatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya mapenzi ya wanaume. Mwaka huohuo sensa ilihesabu huntha 1,524. Mmoja alidai jina, wengine walidai wasifungwe, na wengine walihesabiwa tu.

Huenda msomaji akasema kwamba atupaye jiwe haulizi tofauti hizo, na kwa hiyo wanaotukanwa kwa neno moja hawana budi kusimama pamoja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kusimama pamoja si kufanana. Katika hadithi hii karipio linaangukia nywele kwanza, maana nywele huonekana na mapenzi hufichika. Vivyo hivyo, aliyevuka jinsia ndiye aonekanaye na ndiye apigwaye kwanza kwa niaba ya wote. Ilhali katika jumuiya inayomjumlisha na wapenda jinsia moja, haja yake hutajwa mwishoni, kana kwamba ni tawi la haja yao.

Osman ameonyesha uzito wa neno lililopo, na anwani yake haitoi jingine. Kazi hiyo ni yetu sisi watunga kamusi. Kabla ya kuunda istilahi, hatuna budi kuwasikiliza watakaoitwa kwayo.