Upatanisho wa Kisarufi na Ahadi ya Programu Finyizi

Programu Finyizi, aliyoiasisi Chomsky katika miaka ya 1990, hudai kwamba sarufi haihitaji zaidi ya kile kinachounganisha sauti na maana. Tuipime kwa sentensi moja: “Rafiki yangu mzuri amefika.” Nomino ni moja, lakini “yangu” hufuata umbo lake katika ngeli ya N, ilhali “mzuri” na “amefika” hufuata maana yake, yaani utu.

Mtetezi wa nadharia huenda akakimbilia Kiswahili cha Nairobi. Katika soko la City Park, Parklands, utasikia “kiti yangu imevunjika”, na uchache alioutafuta Chomsky utaonekana umetimia. Hata hivyo, msemaji yuyo huyo hasemi “rafiki yangu imefika”. (Sisi walimu tunaosahihisha “kiti yangu” kwa wino mwekundu ni nadra kuuliza kwa nini a- haihitaji wino huo.)

Tukijibu kwamba nomino hutoka leksikoni na sifa mbili, ya umbo na ya maana, tumeongeza mzigo ambao nadharia iliahidi kuupunguza. Na bado hatujaeleza kwa nini, penye “rafiki yangu”, twasema “kijana wangu”, wala si “kijana changu”.