Ardhi Pasipo Mnyama: Rangi, Nuru na Kumbukumbu katika Uchoraji Dhahania wa Mandhari ya Mara

Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vibao, mnyama ametawala picha nyingi za mkondo wake. Ardhi hubaki usuli tu. Sehemu hii inahoji iwapo ardhi ya Tarime na Serengeti inaweza kubeba picha kwa rangi na nuru pekee, pasipo umbo linalotambulika.

Kielelezo mwafaka kinatoka katika uekspreshonisti dhahania wa Marekani. Mwaka 1952, Helen Frankenthaler alirejea New York kutoka Nova Scotia, Kanada, akachora Mountains and Sea, yaani Milima na Bahari. Alitandaza turubai sakafuni bila kuipaka rangi ya msingi, akamimina rangi ya mafuta iliyozimuliwa hadi ikanywewa na kitambaa. Buluu, kijani na waridi havielezi mlima wala wimbi mahususi. Vinabeba kumbukumbu ya nuru ya mahali. Mbinu hiyo ingeafiki Mara, ambako kijani cha nyanda za juu za Tarime hushuka hadi Mto Mara, na kusini yake majani ya Serengeti hugeuka manjano wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, udhahania huo una hatari yake. Mwaka 1959 filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti iliionyesha ardhi hiyo kutoka kwenye ndege ndogo. Kwa mtazamo wa angani, nchi huwa mabaka ya rangi na mistari ya mito, na binadamu hutoweka. Mchoro dhahania unaweza kurudia ufutaji uleule kwa jina la uzuri.

Utafiti wa Jan Bender Shetler, uliochapishwa mwaka 2007, unasaidia kuukabili mtanziko huu. Shetler anaonyesha kwamba wazee wa jamii za magharibi mwa Serengeti, wakiwemo Waikoma, Wanata na Wangoreme, huisimulia nchi hiyo kwa kutaja majina ya mahali palipokaliwa na wahenga wao. Pale mgeni alipoona pori, wao huona mahame.

Kwa hiyo, kigezo cha kuhakiki mchoro dhahania wa Mara si kuwepo au kutokuwepo kwa umbo la mtu. Kigezo ni mahali aliposimama mchoraji. Mistari ya mkaa inayoonekana chini ya rangi za Frankenthaler ni alama ya mkono uliokumbuka. Mchoro wa Serengeti usio na alama ya aina hiyo, hata ukiwa na nuru maridadi, utakuwa umeondoa mnyama wa biashara na kuuacha utupu uliomtangulia. Wenye alama hiyo utawezesha manjano ya kiangazi yasomwe kuwa nchi yenye wenyewe.