Msaga Unga Aliyenunua Nyumba za Sinema

Katika sharika zetu siku hizi liko swali liulizwalo mara kwa mara: je, yafaa Wakristo waitumie sinema kwa kazi ya Injili na ya mafunzo mema? Wako wasemao ya kwamba sinema ni kitu cha kupoteza vijana, nao wataka tuiache mbali. Wako na wengine wasemao ya kwamba shida yetu ni fedha tu. Tukiwa na mashine zetu na nyumba zetu, watu wote watatazama mambo mema. Sisi tumeona vema kulijibu swali hili kwa habari za mtu mmoja aliyelijaribu jambo lenyewe kwa mali nyingi sana. Jina lake ni Joseph Arthur Rank, Mwingereza. Twataka kuzipima kazi zake, tupate kujua ni nini kilichofaa, ni nini kilichoshindwa, na kwa sababu gani.

Rank alizaliwa tarehe 22 Desemba 1888 katika mji wa Hull. Baba yake alianza na kinu kimoja cha upepo alichokipanga, hata akawa mmoja wa wasaga unga wakubwa wa Uingereza. Alikuwa Mmethodisti mwenye bidii, mtoaji wa mali kwa kanisa, naye alimlea mwanawe katika njia ile ile. Kijana huyu alipojaribu biashara yake mwenyewe ya unga, ilianguka, akarudi katika kazi ya baba yake. Siku za Jumapili alifundisha watoto katika shule ya Jumapili huko Reigate, kusini ya London, wala hakuona haya kufanya kazi hiyo ijapokuwa alikuwa tajiri.

Katika shule ile alianza kuwaonyesha watoto picha za dini. Akaona mambo mawili: kwanza, watoto wazipenda picha kuliko maneno, pili, picha zenyewe zilikuwa hafifu, zimetengenezwa ovyo. Basi mwaka 1933 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha sinema za dini, na mwaka 1934 ikatoka sinema fupi iitwayo Mastership. Haikufanywa kwa ajili ya nyumba za biashara, bali kwa makanisa na shule.

Hapa twaweza kutoa hukumu yetu ya kwanza. Sinema ya namna hiyo huonyeshwa kanisani, nao waijiao ni wale wale waliokwisha kuja kusikia mahubiri. Yule asiyeingia kanisani haioni kamwe. Rank alilifahamu jambo hili upesi. Gazeti moja la Kimethodisti lilipolalamika juu ya ubaya wa sinema za Marekani, gazeti la mjini London liliwajibu Wamethodisti ya kwamba, kama sinema zawachukiza, na watengeneze zilizo bora. Rank hakulikasirikia neno hilo. Alilipokea kama agizo.

Mwaka 1934 alishirikiana na Lady Yule, mjane tajiri, na John Corfield, wakaanzisha kampuni ya British National. Sinema yao ya kwanza iliyo kubwa ilitoka mwaka 1935, jina lake Turn of the Tide. Ni habari za jamaa mbili za wavuvi wa pwani ya Yorkshire, wenye ugomvi wa siku nyingi, hata wakapatana. Walikwenda kuipiga picha huko huko pwani, penye mashua za kweli na bahari ya kweli. Twaiona kuwa ni kazi njema, maana upatanisho hauhubiriwi na mtu asimamaye na kunyosha kidole. Waonekana katika nyavu, katika hasara, na katika kazi ya pamoja. Ilipata tuzo huko Venice mwaka ule ule. Walakini katika Uingereza yenyewe watu wachache waliiona, kwa kuwa wenye nyumba za sinema hawakuipa nafasi njema, wakaiweka nyuma ya sinema nyingine. Fedha zikapotea.

Mtu mwingine angalirudi kwenye unga wake. Rank alifikiri kama msaga unga: mwenye kinu asiye na njia ya kupeleka magunia sokoni, unga wake utaoza ghalani. Basi aliazimu kuipata njia. Tarehe 30 Septemba 1936 palifunguliwa Pinewood, mahali pakubwa pa kutengenezea sinema, naye alikuwa mmoja wa wenyewe. Mwaka ule ule yeye na washirika wake waliitia mkononi General Film Distributors, kampuni ya kugawa sinema iliyoanzishwa na C. M. Woolf mwaka uliotangulia. Akapata na Denham, iliyojengwa na Alexander Korda. Mwaka 1941 nyumba za Gaumont-British zikawa chini yake, na baada ya kufa kwake Oscar Deutsch nyumba za Odeon nazo zikamfuata. Kwa muda wa miaka michache mwalimu yule wa shule ya Jumapili alikuwa na nyumba za sinema zaidi ya 600. Mwaka 1944 kamati ya Serikali iliyoongozwa na Albert Palache ilionya juu ya hatari ya kazi nzima kuwa mikononi mwa watu wachache.

Wazee waliopata kutazama sinema zake watamkumbuka yule mtu wa miraba minne apigaye upatu mkubwa mwanzoni mwa kila sinema. Upatu ule ulikuwa wa mapambo tu. Sauti yenyewe ilipigwa pengine, na mpiga ngoma James Blades, kwa chombo kingine.

Sasa tuangalie matunda. Wakati wa vita Rank aliwapa mafundi wake uhuru ambao wengi wao hawakuupata tena. Yeye mwenyewe alikiri kuwa hajui kutengeneza sinema, basi akawapa fedha, asiwaingilie. Uhuru huo ulizaa kazi kubwa. Henry V ya Laurence Olivier ilitoka mwaka 1944. Great Expectations ya David Lean, iliyotokana na kitabu cha Dickens, ilitoka mwaka 1946. Hamlet ya mwaka 1948, ya Olivier pia, ilipewa tuzo kuu ya Marekani ya sinema bora, nayo ilikuwa ya kwanza isiyotoka Marekani kuipata.

Katika hizo zote sisi twapenda kuitaja hasa Brief Encounter ya mwaka 1945, iliyoongozwa na Lean. Mwanamke mwenye mume na watoto akutana na daktari mwenye mke katika kituo cha gari la moshi. Mapenzi yaingia bila kutafutwa. Wajua kuwa wamefika ukingoni, waona haya, waumia, kisha waagana, kila mtu arudi nyumbani kwake. Hakuna sala ndani ya sinema hii, wala adhabu itokayo mbinguni. Lakini atakayeitazama ataondoka akijua uzito wa kiapo cha ndoa, na jinsi uongo mdogo unavyozaa uongo mkubwa. Twasema bila kusita: sinema hii yafundisha zaidi kuliko sinema nyingi zilizofanywa kwa ajili ya kufundisha. Ajabu ni kwamba Rank alilipata alilolitafuta pale alipokuwa hakulitafuta, yaani kwa kumwachia fundi aseme kweli juu ya moyo wa mtu.

Lakini liko jambo lituhusulo sisi wenyewe, nalo halipendezi sana. Mwaka 1946 kampuni ya Two Cities, iliyokuwa chini ya Rank, ilitoa sinema iitwayo Men of Two Worlds, habari za Tanganyika. Mwongozaji wake, Thorold Dickinson, alifika Tanganyika mwaka 1943. Vyombo vyao vilizama baharini kwa sababu ya vita, na sehemu kubwa ya kazi ikafanywa Uingereza. Mtu mkuu wa habari ni Kisenga, Mwafrika mwenye elimu na fundi wa muziki, aliyekaa London miaka 15, arudiye kwao kusaidia watu wahamishwe penye malale. Mganga Magole ampinga, amtia hofu, hata Kisenga augua na kukaribia kufa.

Twakiri ya kwamba ndani yake mna heshima ambayo sinema nyingi za siku zile hazikumpa Mwafrika. Kisenga si mtumishi wala mchekeshaji. Ni mtu mzima, mwenye akili na majonzi, na Robert Adams amcheza vema. Nasi tulio walimu twaijua ile shida ya kurudi kijijini na elimu ambayo wazee hawakuiomba. Walakini kijiji kile ni cha kubuni tu, chaitwa Marashi, jina ambalo kwetu ni la manukato. Adams alikuwa mtu wa Guiana. Orlando Martins, aliyemcheza mganga, alikuwa mtu wa Nigeria. Wazee wa kijiji waonyeshwa kana kwamba hawana hekima ila hofu, na mwenye kujua yote ni Bwana Shauri. Chama cha wanafunzi wa Afrika ya Magharibi waliokuwa London kilipeleka malalamiko kwa Serikali juu ya habari hiyo, nasi twaona walikuwa na haki. Katika Turn of the Tide watazamaji waliwaona wavuvi kama walivyo, na kwa hiyo wakaujali upatanisho wao. Katika sinema ya Tanganyika makusudi yalikuwa mema, lakini mtazamaji hakupewa nafasi ya kuwajua watu wenyewe.

Wakati huo nyumba zile 600 zilikuwa zikidai chakula chao. Mwaka 1946 watu wa Uingereza walikwenda sinema mara 1,635,000,000, wala hapakuwa na sinema njema za kutosha kuwatosheleza. Mwenye nyumba nyingi hana budi kuonyesha kitu kila juma, chema au kibaya, na sinema nyingi katika nyumba zake zilitoka Marekani, zile zile zilizolalamikiwa na Wamethodisti. Mwezi wa Agosti 1947 Serikali iliweka kodi ya asilimia 75 juu ya sinema za kigeni. Wamarekani wakaacha kuleta sinema mpya. Rank akaona nafasi, akaamuru sinema nyingi zitengenezwe kwa haraka. Mwezi wa Machi 1948 mapatano yakafanywa, na sinema za Marekani zikarudi kwa wingi, wakati zile zake za haraka zilipokuwa zikitoka. Nyingi zilikuwa dhaifu. Mwaka 1949 deni lake benki lilipita pauni milioni 16.

Ndipo yakaja makato, na John Davis, mtu wa mahesabu, akawa na nguvu katika mambo yote. Tuangalie ni nini kilichokatwa. Tangu 1944 palikuwako idara ya sinema za watoto, ikisimamiwa na Mary Field, kwa ajili ya mikutano ya watoto ya Jumamosi asubuhi. Kazi ile haikuwa na faida ya fedha, lakini katika kazi zote za Rank ndiyo iliyofanana zaidi na shule ya Jumapili ya Reigate. Idara hiyo ilifungwa mwaka 1950. Mafundi wale wakubwa nao walikwisha kuanza kuondoka, mmoja mmoja.

Mwaka 1952 ndugu yake James alikufa, na Arthur akarudi kuisimamia kampuni ya unga. Kampuni ya sinema ikaendelea kwa jina lake, ikageukia mambo mengine, hata mwaka 1956 ikaingia katika biashara ya mashine za kunakili pamoja na Xerox. Mashine hizo zilileta faida kubwa. Mwenyewe alianzisha mfuko wa kusaidia watu mwaka 1953, akapewa cheo cha Lord mwaka 1957, akafa tarehe 29 Machi 1972.

Basi tumhukumuje? Hatuwezi kusema alikuwa mnafiki, maana imani yake ilidumu hata mwisho, na sadaka zake zilikuwa nyingi. Wala hatuwezi kusema alishindwa, maana sinema bora za Uingereza za miaka ile zilitoka katika mkono wake. Kosa lake twaliona hapa: alidhani ya kuwa mwenye mlango ndiye aamuaye nini kipite mlangoni. Mlango mmoja waweza kuutawala. Milango 600 yakutawala wewe, kwa sababu kila mmoja una mshahara, taa, na kodi, na deni halingoji sinema njema ipatikane. Ilipofika siku ya kuchagua, kilichokatwa kwanza hakikuwa kile kilicho kibaya, bali kile kisicholeta fedha.

Kwetu sisi jambo hili si la mbali. Tangu zamani Tanganyika imejaribiwa njia iliyo ndogo zaidi: kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika Usambara, zilitengenezwa sinema fupi kama 35 za kilimo, afya na desturi, zikachukuliwa kwa lori vijijini. Na leo watoto wetu watazama picha katika simu, nyumba yenyewe imo mfukoni. Hatuwezi kuinunua milango yote hiyo, wala tusijisumbue kuitaka.

Yatupasa tufanye lile ambalo Rank alilifanya vema. Tuwatafute vijana wenye kipawa, tuwape vyombo na muda, nao waseme kweli juu ya watu wanaowajua: wavuvi wao, wazee wao, ndoa zao, na hofu zao. Tusiwaandikie mahubiri ya kubandika mwishoni. Tena kazi iwe ndogo kiasi cha kuweza kulipiwa na ushirika wenyewe, na kama ni kwa ajili ya watoto, fungu lake liwekwe mahali pasipoguswa mwaka wa hasara. Baraza la ushirika litakalokutana kuzungumza habari ya kununua mashine ya sinema, na liulize kwanza: ni nani kati yetu mwenye habari ya kweli ya kuonyesha? Wakikosa jibu, fedha zile na zingoje.